Kaseti ya Kuchezwa Mara Moja

Binti wa marehemu alimfungulia Inspekta mlango akiwa bado na sare ya kazi, akamwonyesha kiti, mwenyewe akabaki amesimama. Alikuwa muuguzi wa wodi ya dharura, miaka thelathini na kitu, na alieleza mambo ya nyumbani kwake kama anayesoma cheti cha mgonjwa wa mtu mwingine.

"Baba alianguka hapo," alisema, akionyesha nafasi kati ya meza na dirisha. "Kichwa huku, miguu kule. Leo ni wiki tatu na siku mbili."

Inspekta alitazama sakafu kwa sababu alikuwa ameonyeshwa. Ilikuwa imepigwa deki mpaka inang'aa, na mtu anayepiga deki namna hiyo ama anangoja wageni, ama hapati usingizi. Wageni hapakuwa na dalili.

Rafu zilijaa kompyuta za nyumbani za miaka arobaini iliyopita, zile zilizokuwa kibodi na ubongo ndani ya sanduku moja, zikichomekwa kwenye televisheni. Michezo yake ilikuja kwenye kaseti, kaseti zile zile za muziki. Marehemu alifundisha hesabu miaka thelathini na mmoja, mtaa mzima ukimwita Mwalimu, na ujanani aliwahi kuandika mchezo wake mwenyewe. Aliuita Kisima cha Hesabu. Mtu anateremka kisimani, kila ngazi ni swali, ukikosea unaporomoka. Alitengeneza kaseti thelathini kwa mkono. Zote zilipotea: zilizoazimwa hazikurudi, na zilizobaki watu walirekodia nyimbo juu yake. Ilibaki moja tu, ile mama iliyozaa nakala zote, humu chumbani.

"Kasha lake ni hili," binti alisema, akalifungua. Halikuwa na kitu. "Jumatano mtu nisiyemjua alinipigia simu kunipongeza. Akasema mchezo wa baba yako umepatikana, uko mtandaoni, watu elfu nne wameshaupakua. Ndipo nikaingia humu kutazama."

"Kwa hiyo unataka kaseti irudi."

"Kaseti ikae huko huko iliko, afande. Nataka kujua ilitoka humu lini. Kama ilitoka siku ile, basi aliyeichukua alikuwa hapa. Na kama alikuwa hapa, Baba hakuwa peke yake."

Inspekta alifungua daftari.

"Siku ile mimi nilikuwa nipumzike," binti aliendelea. "Nikabadilishana zamu na mwenzangu, mdogo wake alikuwa anaolewa. Asubuhi natoka, Baba ananiambia kifua kinambana. Nikamwambia pumzika, Jumatatu nitakupeleka kwa daktari. Mimi, nesi wa dharura, nikamwambia Jumatatu." Alifunga kasha taratibu. "Watu wananitazama wakingoja nilie. Silii. Nina ganzi mwili mzima tangu siku ile, hata ladha ya chai siisikii."

Inspekta hakumpa pole. Aliwahi kuzitoa nyingi, akaona zinaharibu maelezo ya shahidi na hazimfufui mtu. Akauliza nani walijua kaseti inakaa wapi.

"Wawili. Baba mdogo, kila akija anasema siku moja atachoma takataka hizi zote. Na Bisibisi."

"Bisibisi ndiye nani?"

"Rafiki yake Baba. Ana kibanda, anaokoa michezo kwenye kaseti zinazokufa, anaiweka mtandaoni bure ili kila mtu aicheze. Miaka miwili alimbembeleza Baba amwachie hii, Baba akawa anakataa. Yeye ndiye aliyemkuta sakafuni, akaita gari la wagonjwa. Huyo usimsumbue, afande. Msibani alilia kuliko mimi. Muulize baba mdogo."

Inspekta hakuwa na haraka ya kumshuku mtu aliyelia msibani, wala ya kumsamehe. Aliwaandika wote wawili, akateremka ngazi.

Ghorofa ya chini, chini kabisa ya chumba kile, mama mshonaji alikuwa na pini tatu mdomoni na mguu mmoja juu ya kigoda.

"Niliwaambia wenzako hawakuandika," alisema bila kutoa pini. "Nilikuwa na suruali za sare, mwenyewe amenisimamia kichwani. Mara cherehani ikasita. Umeme haukukatika, ulipungua tu, taa ikawa nyekundu, ukarudi. Nikamaliza pindo nililokuwa nalo, nikapiga na la pili. Nalitoa tu la pili kwenye sindano, nasikia kishindo juu. Puu!"

"Ukafanya nini?"

"Nikasema Mwalimu ameangusha tena sanduku lake. Huangusha, mwanangu. Mwezi uliopita aliangusha televisheni nikamwaga chai." Sasa alitoa pini. "Ningejua ni yeye, ningepanda na mguu huu huu mbovu. Hata angeniita mara moja tu. Huku chini nasikia mpaka akikohoa."

"Kuna mgeni aliyepanda asubuhi ile?"

"Yule wa bisibisi alipanda, saa ngapi sijui. Anapanda na kushuka kila siku kama mwenye nyumba, nimeacha kumtazama."

Inspekta alimwomba ashone pindo moja, na jingine, akiwa ametoa saa yake. Mama alicheka kwamba polisi siku hizi wanajifunza ushonaji, lakini alishona. Mapindo mawili yalichukua dakika mbili kasoro sekunde saba.

Baba mdogo alikuwa kinyozi. Inspekta na Koplo wake walimkuta na wembe mkononi, mteja mwenye povu usoni, na ukutani televisheni kubwa ya kizamani ikionyesha mpira kwa rangi za kijani tupu. Koplo, ambaye alikuwa amebakiza miezi minne kustaafu na hakuwa na sababu tena ya kumwogopa mtu, aliitazama televisheni, akamtazama kinyozi.

"Hiyo nilichukua baada ya matanga," kinyozi aliwahi kusema. "Mbele ya mtoto wake. Muulizeni. Ni ya kaka yangu, si ya jirani."

"Tumekuja kwa kaseti," Inspekta alisema.

"Kaseti! Mimi nikaibe kaseti, niipige wapi, kwenye kiwembe?" Aliweka wembe chini, na mteja akashusha pumzi. "Nilisema nitachoma, ndiyo, nilisema. Mtu ana vyumba viwili, kimoja anakaa na mwanawe, kingine yanakaa masanduku. Lakini kusema ni kusema. Siku ile nilikuwa hapa tangu saa mbili, huyu hapa shahidi, nilikuwa namkata siku hiyo pia."

Mteja alitikisa kichwa ndani ya povu kuthibitisha.

"Wewe na kaka yako mlizungumza lini mara ya mwisho?"

Kinyozi alikunja uso. "Siku moja kabla, jioni. Alinipigia mwenyewe. Ananiambia, mdogo wangu, kesho naicheza. Nikamuuliza utacheza nini na magoti hayo? Akacheka. Kaka hakuwa mtu wa kucheka kwa simu. Akasema amekubali, kesho inachezwa, mara moja, nyumbani kwake."

"Amemkubalia nani?"

"Hakusema na mimi sikuuliza. Nilikuwa na mtu kitini." Alichukua wembe tena, akaurudisha mezani. "Bwana, hebu jifute mwenyewe. Leo siwezi."

Kituoni kulikuwa na karatasi mbili zikiwangoja. Ya kwanza ilitoka hospitali: simu ya kuita gari la wagonjwa iliingia saa nne na dakika ishirini na moja asubuhi, gari likafika dakika kumi na mbili baadaye, mgonjwa akiwa ameshakata roho. Daktari aliandika moyo, na kwamba baada ya kuanguka huenda marehemu aliishi dakika kumi hadi ishirini. Ya pili ilitoka ofisi ya umeme. Mtaa ule, tarehe ile, umeme ulipungua nguvu mara moja tu tangu asubuhi mpaka adhuhuri: saa nne na dakika tisa.

Koplo alikuwa na hedifoni masikioni. Mchezo uliwekwa kwenye tovuti ya wahifadhi kwa namna mbili. Kwanza mchezo wenyewe, uliorekebishwa, tayari kuchezwa. Pili sauti ghafi ya kaseti upande mzima, dakika kumi na nane na sekunde nne. Mahali pa jina la aliyeleta paliandikwa: rafiki wa mtunzi.

"Ni kelele tupu," Koplo alisema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo wenye hedifoni. "Nyuki kwenye kopo. Kumbe kompyuta za zamani zilikuwa zinaimbiwa mchezo mpaka zinauelewa. Sasa njoo usikie dakika ya saba, mama."

Inspekta aliweka sikio. Mlio ulikwenda sawa sawa, kisha ukazama, ukawa mzito, ukavuta kama sekunde tatu, ukapanda tena.

"Umeme umecheza," Koplo alisema. "Mimi ujana wangu wote nilirekodi nyimbo kutoka redioni, nani ataniambia nini? Redio kaseti ikikosa nguvu mota inachoka, wimbo unalewa, halafu unapata fahamu. Nimepoteza nyimbo nyingi za kumtumia mke wangu kwa mtindo huo. Ndiyo maana alichelewa kunikubali."

Inspekta hakucheka. Alivuta kalamu nyekundu, akaandika saa nne na dakika tisa, akatoa dakika saba. Kurekodi kulianza saa nne na mbili. Akajumlisha kumi na nane: kuliisha saa nne na ishirini. Kisha akarudi kwenye cherehani, akaongeza mapindo mawili. Kishindo, saa nne na kumi na moja.

Akafungua maelezo ya Bisibisi, yaliyoandikwa na askari wa kwanza kufika, na kutiwa saini. Nilifika saa nne na dakika ishirini. Mlango ulikuwa wazi. Nilimkuta amelala sakafuni nikapiga simu mara moja.

Koplo alizisoma namba nyekundu mara mbili, akavua hedifoni.

"Wakili atasema umeme hucheza kila mahali," alisema. "Aliiba baadaye, akarekodi kwake, siku nyingine."

"Ndiyo maana tunakwenda kwake."

Kibanda cha Bisibisi kilikuwa safi kuliko zahanati. Meza nyeupe, vijiti vya pamba, chupa ya spiriti, glavu nyembamba, redio kaseti tano zimepangwa kwa ukubwa, na kaseti mamia, kila moja na namba. Mwenyewe alikuwa mwanamume wa miaka hamsini, kipara, sauti ya chini, na bisibisi ndogo mfuko wa shati. Aliwakaribisha kama walimu wanavyokaribishwa, akapangusa viti.

"Mama, uliza lolote. Watu hawaulizi kuhusu kazi hii."

"Nataka kujua kaseti moja inaokolewaje. Tangu mwanzo."

Aliwaonyesha. Alitoa kaseti yenye ukungu, akaisafisha kwa kijiti, akaiweka kwenye mashine na kuunganisha waya kutoka mashine mpaka kompyuta yake ya mkononi. Akawaomba wazime simu, maana simu ikitafuta mtandao huingiza mlio wake kwenye waya. Kabla ya kubonyeza, alitia bisibisi kwenye tundu dogo juu ya mashine.

"Ndani kuna kichwa cha kusomea. Kila mashine kichwa chake kimelala kwa namna yake. Kaseti iliyoandikwa na mashine moja, nyingine itaisoma kwa shida, mpaka uzungushe skrubu hii ukipate. Na kaseti ikiwa nzee kichwa kinahama hama, inabidi ukishike hivi mpaka mwisho. Dawa kubwa ni kuisoma kwa mashine ile ile iliyoiandika. Hiyo haina mpinzani."

Akabonyeza. Kaseti ikaanza kuzunguka. Koplo akakohoa, na Bisibisi akageuka upesi, kidole mdomoni. Wakakaa kimya dakika tatu kama watu walio kwenye sala ya mtu mwingine. Hata fundi wa viatu kibanda cha pili, aliyechungulia kuazima gundi, aliona kaseti inazunguka, akarudi kwa vidole.

"Mnasoma mara ngapi?" Inspekta aliuliza ilipokwisha.

"Mbili. Unalinganisha. Zikilingana, hiyo ndiyo nakala ya kweli. Ila kuna kaseti zimechoka, ukizitazama unajua hii ni ya kuchezwa mara moja. Utepe unaacha unga wake kwenye kichwa huku unasoma."

"Mkishasoma, mnasafisha sauti?"

"Mchezo tunaurekebisha, ili uchezeke. Sauti ghafi haiguswi. Hatukati kitu, mama, hata mkwaruzo, hata ukimya wa mwanzo. Ukikata leo unachoona takataka, kesho mtu mwerevu kuliko wewe atakuja kukitafuta."

"Na umeme ukicheza katikati?"

Alitabasamu, akapiga kofi sanduku la chuma chini ya meza. "Betri. Mtaa mzima ukizimika mimi sijui mpaka nisikie watu wanalaani. Miaka sita, hakuna kaseti iliyosita humu ndani."

"Hata moja."

"Hata moja."

Inspekta alimpa Koplo ishara. Koplo akafungua kompyuta ya kituo, akapeleka sauti mpaka dakika ya saba, akaiacha icheze. Mlio ukazama, ukavuta, ukapanda. Bisibisi hakuitazama kompyuta. Alitazama mikono yake.

"Hiyo ni Kisima cha Hesabu," Inspekta alisema. "Imesita, kwa hiyo haikusomwa humu. Mashine iliyoiandika iko wapi?"

"Kwa Mwalimu."

"Umeme ulicheza mtaa wake saa nne na dakika tisa."

Alichomoa bisibisi kwenye mashine, akaipangusa kwa kitambaa, akairudisha mfukoni.

"Kuna kitu sikielewi," Inspekta alisema. "Ungeweza kupanyoosha hapo. Sekunde tatu. Tusingekupata kamwe."

"Ningeweza. Ni kazi ya dakika tano."

"Mbona hukufanya?"

"Mama, huko ni kughushi."

Alisema kwa uchungu wa kweli, kama aliyeambiwa aibe msikitini. Koplo aliinua kichwa kutoka kwenye karatasi ya maelezo. Mtu huyu alikuwa amewadanganya askari, akatia saini, akabeba jeneza. Kaseti peke yake hakuweza kuidanganya.

"Ulianza saa nne na mbili," Inspekta alisema. "Alianguka saa nne na kumi na moja. Ukapiga simu saa nne na ishirini na moja. Nieleze hizo dakika kumi."

Bisibisi alieleza kwa sauti ile ile ya kuelezea spiriti na pamba. Mwalimu alikubali ichezwe mara moja tu, na mbele yake. Walizima simu zote mbili. Mwalimu alikaa karibu na dirisha. Dakika ya saba umeme ukasita, wakatazamana, ukarudi, Mwalimu akashika kifua akatabasamu, na yeye alidhani ni furaha. Dakika ya tisa akasimama, akaanguka.

"Alikuwa hai?"

"Macho yalikuwa wazi. Aliinua mkono."

"Kukuita."

"Au kuniambia niache iendelee. Mpaka leo sijui. Aliingoja miaka thelathini na minane, mama. Mkono wangu ulikuwa kwenye skrubu, kichwa kilikuwa kinahama, nikikiachia sauti inazama. Nikiisimamisha, utepe unanata kwenye kichwa, na ukiung'oa unakatika. Nikajiambia inaisha sasa hivi. Kila dakika nilijiambia inaisha sasa hivi." Alivuta droo, akaweka kaseti juu ya meza. Utepe wake ulikuwa mweupe, unapitisha mwanga, na ndani ya ganda lake kulikuwa na unga wa kahawia. "Tazama. Haichezwi tena. Nilikuwa sahihi."

Inspekta aliitazama kaseti. Alikuwa sahihi, kweli. Alipotafuta hasira mahali anapoiweka hakuikuta. Kilichobaki kilikuwa swali moja tu la kazi.

"Mashine ilikuwa inasoma kwa waya."

"Kwa waya, ndiyo."

"Si kwa kipaza sauti."

"Hapana."

"Basi kelele ya chumbani isingeingia. Mshonaji yuko chini yenu, anasikia mzee akikohoa. Ungemwita tu kwa sauti. Mkono ungebaki kwenye skrubu, kaseti ingeendelea, na yeye angepiga simu."

Bisibisi alitazama waya, akaufuata kwa macho kutoka kwenye mashine mpaka kwenye kompyuta, akarudi nao mpaka kwenye mashine.

"Kaseti ikicheza hatusemi," alisema.

"Kwa nini?"

"Hatusemi tu. Tangu zamani. Hakuna anayesema."

Alikaa. Midomo iliendelea kutembea bila sauti, kama mtu anayepiga hesabu upya na kupata jibu lile lile. Koplo alimsogezea karatasi, akasubiri sana kabla ya kumpa kalamu.

Nje, Koplo aliuliza waandike kosa gani. Inspekta alisema wizi wa kaseti moja na maelezo ya uongo, hayo yana vifungu. Zile dakika kumi atamuuliza mwendesha mashtaka, na alikuwa ameshajua jibu litakuja na maneno mengi.

Walimkuta binti kwenye korido ya hospitali, glavu mkononi, zamu imefika katikati. Alimwamkia Koplo kwa heshima, akawapeleka pembeni penye mizani ya kupimia watoto. Inspekta alimweleza kwa mpangilio, kwa saa na dakika, kwa sababu aliona hilo ndilo analoweza kulibeba. Binti alisikiliza bila kumkatiza. Maelezo yalipofika kwa mshonaji, binti aliweka kiganja juu ya mizani, na mshale ukasogea.

"Dakika kumi," alisema.

"Kumi."

"Gari letu linafika kule kwa kumi na mbili. Dawa ziko ndani ya gari." Alikuwa anahesabu kama wanavyohesabu humu hospitalini. "Alimshika mkono?"

"Hapana."

"Si alikuwa ameuinua?"

"Mkono wa yule ulikuwa kwenye skrubu."

Binti alitikisa kichwa taratibu. Koplo, aliyekuwa na methali ya kila ajali, alitazama dari.

"Mchezo tunaweza kuagiza uondolewe," Inspekta alisema. "Ni mali yenu. Lakini waliopakua sasa ni elfu tano na zaidi. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Uacheni. Baba aliutaka." Alitoa kiganja kwenye mizani. "Afande, mimi wiki tatu hizi nilikuwa naomba kitu kimoja. Kila nikifunga macho: Mungu, asiwe alikuwa peke yake. Niligombana hadi na wenzako, ili mnitafutie mtu aliyekuwa naye."

"Najua."

"Bora angekuwa peke yake."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, akanyoosha mkono kuomba karatasi. Alitia saini, na chini yake akaandika tarehe na saa, kama hospitali inavyotaka. Mlango wa wodi ulifunguka, mtu akamwita jina la kazi, Nesi, kwa kelele, mara mbili. Binti akaacha kalamu ikianguka, akakimbia.